Kompyuta Inayojizima Katikati ya Gemu: Namna ya Kufikia Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa Chochote

Kompyuta inaweza kufanya kazi za kawaida kutwa nzima bila tatizo lolote, ikafungua barua pepe, ikaonyesha video na kuchapa nyaraka, kisha ikazimika ghafla dakika chache baada ya gemu kuanza. Tabia hiyo peke yake tayari ni ushahidi, kwa sababu inaonyesha kwamba mashine ni nzima inapokuwa na kazi nyepesi na kwamba kuna sehemu inayoshindwa pale mzigo unapoongezeka. Kwa mtumiaji wa nyumbani, gemu ni miongoni mwa kazi chache zinazoitumikisha prosesa na kadi ya grafiki kwa wakati mmoja, kwa nguvu kubwa, kwa saa nzima au zaidi. Mzigo wa namna hiyo hudai umeme mwingi usioyumba, na huzalisha joto jingi ambalo ni lazima liondolewe haraka. Mashine inayozimika kabisa wakati wa gemu, mara nyingi mno, imepungukiwa na kimoja kati ya hivyo viwili.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi huanzia mwisho. Hupiga Windows upya, hubadilisha draiva (programu zinazoendesha vifaa), huongeza RAM (kumbukumbu ya muda), au, baya zaidi, hutumia akiba ya miezi kadhaa kununua kadi mpya ya grafiki, ilhali kilichokuwa kimeharibika ni feni iliyosimama au ekstensheni iliyolegea. Utaratibu unaofuata hapa ni wa kutazama kwanza, kisha kupima, na hatimaye kubadilisha kitu kimoja kimoja, ukianza na hatua zisizogharimu chochote. Maelezo ni ya kompyuta zinazotumia Windows, hasa za mezani, na laptopu zimepewa sehemu yake.

Tazama inavyozimika

Kabla hujafungua hata skrubu moja, acha mashine izimike mara nyingine ukiwa unaitazama kwa makini. Ikiwa kila kitu kinakatika kwa pamoja, feni zikasimama, taa zikazimika na skrini ikapoteza mawimbi papo hapo, basi umeme umekatwa ndani ya mashine au nje yake. Ikiwa skrini inakuwa nyeusi lakini feni zinaendelea kuvuma na sauti ya gemu bado inasikika kwa sekunde kadhaa, hapo kompyuta haijazimika: kadi ya grafiki ndiyo iliyoanguka, na uchunguzi wake ni mwingine. Ikiwa inaonekana skrini ya bluu kwa kufumba na kufumbua kabla mashine haijawaka upya, Windows yenyewe ndiyo iliyosimamisha kazi kwa kuona hitilafu. Na ikiwa gemu peke yake ndilo linalofungwa na kukurudisha kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows, usipoteze muda na pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Tatizo liko kwenye faili za gemu, draiva au kumbukumbu.

Tazama vilevile kinachotokea baada ya kuzimika. Pawa saplai nyingi zikijikinga dhidi ya mzigo uliozidi hujifunga, na kitufe cha kuwashia hakifanyi kazi mpaka uzime swichi ya nyuma au uchomoe waya wa ukutani, usubiri kidogo, kisha urudishe. Mashine yenye tabia hiyo inakuelekeza moja kwa moja kwenye pawa saplai na kila kinachonyonya umeme kutoka kwake. Mashine inayokubali kuwaka lakini inazimika tena baada ya sekunde chache, kisha inatulia ikiachwa robo saa, inaelekeza kwenye joto.

Muda nao unazungumza. Joto huhitaji nafasi ya kujikusanya, kwa hiyo kuzimika kunakoletwa na joto hutanguliwa na feni zinazozidi kupiga kelele, na mara nyingi na gemu linaloanza kwenda kwa kusuasua. Upungufu wa umeme hauna subira: hutokea gemu linapopakia ramani, mlipuko unapojaza skrini, au hata kwenye menyu ya mwanzo, ambako baadhi ya magemu huruhusu kadi ichore mamia ya picha kwa sekunde bila kikomo. Ikiwa mashine hucheza vizuri asubuhi na kuzimika kuanzia saa moja usiku, wakati mtaa mzima umewasha majiko, pasi na televisheni, chunguza volti ya nyumba kabla ya kuilaumu kompyuta.

Soma rekodi ya Windows bila kuipotosha

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha ingia Windows Logs na baada yake System. Huko karibu kila mtu hukuta mstari mwekundu wa Kernel-Power wenye namba 41, na wengi huuchukulia kuwa ndiyo jina la ugonjwa. Mstari huo huandikwa kompyuta inapowaka tena, na maana yake ni kwamba mara ya mwisho mashine ilizimika bila kufuata taratibu. Hausemi ni kwa nini. Thamani yake iko ndani. Fungua kichupo cha Details utafute neno BugcheckCode. Ikiwa mbele yake kuna 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa, jambo linaloendana na kukatika kwa umeme au kuganda kwa mashine nzima. Ikiwa kuna namba nyingine, basi kulikuwa na skrini ya bluu. Namba hizo huandikwa kwa mfumo wa kawaida wa desimali wakati misimbo ya skrini ya bluu huandikwa kwa heksadesimali, hivyo 292 ni 0x124, ambao ni msimbo wa hitilafu ya vifaa, hasa prosesa na umeme wake. 278 ni 0x116, kadi ya grafiki ilipokosa kujibu. Na 26 ni 0x1A, ambao hugusa kumbukumbu.

Ili skrini ya bluu isikupite, andika sysdm.cpl kwenye kile kisanduku cha Windows na R, ingia Advanced, chagua Settings za Startup and Recovery, na uondoe alama kwenye Automatically restart. Angalia pia kama kuna mstari wenye namba 1074 katika dakika ileile ya kuzimika. Huo huonyesha kwamba programu au mtumiaji ndiye aliyeagiza mashine izime, na jina la programu hiyo huandikwa hapohapo. Ni nadra, lakini kulitazama hakuchukui hata dakika moja.

Joto

Pakua HWiNFO, programu ya bure inayosoma vihisi vya kompyuta, uifungue upande wa vihisi pekee, na uiamuru iandike rekodi kwenye faili kabla hujaanza gemu. Faili hiyo ndiyo shahidi wako, kwa kuwa hubaki kwenye diski hata mashine ikizimika, na mistari yake ya mwisho hukuonyesha hali ilivyokuwa sekunde chache kabla ya kukatika. Tafuta joto la prosesa, joto la kadi ya grafiki, sehemu yake yenye joto kali zaidi inayoitwa Hot Spot, na kasi ya feni.

Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na za AMD za aina ya Ryzen huwa na kikomo cha nyuzi 90 hadi 95 kutegemea toleo. Ni muhimu kuelewa kwamba zikifikia kikomo hicho hazizimi mara moja, bali hupunguza kasi zenyewe ili zipoe. Kuzima ni ngome ya mwisho. Kwa hiyo prosesa inayoizima mashine kwa joto haina shida ndogo ya vumbi kidogo. Upoozaji wake umeharibika kwa kiwango kikubwa. Huenda pampu ya kipoozeo cha maji imekufa, feni imekwama, au kipoozeo kizima hakigusi prosesa sawasawa.

Hali hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu, hasa kwenye mashine iliyosafirishwa. Vipoozeo vya kawaida vya Intel hushikwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa ndani ya matundu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) na kufunguka kwa nyuma. Mguu mmoja ukichomoka, kipoozeo huinuka upande mmoja kwa kiasi ambacho jicho la haraka halioni, na feni huendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Shika kipoozeo kwa vidole viwili, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, ukijaribu kukitikisa taratibu. Kikicheza, umepata kosa. Sukuma kila mguu mpaka usikie mlio wake, ukienda kwa mshazari, na kama mguu umevunjika badilisha seti yote. Dalili yake kwenye rekodi ni joto linaloruka kutoka nyuzi 45 hadi karibu 100 ndani ya sekunde chache za mzigo, badala ya kupanda polepole.

Kwa kadi ya grafiki, joto la kawaida katika gemu ni nyuzi 65 hadi 83 kwa kadi nyingi. Tofauti kubwa kati ya joto lake la kawaida na lile la Hot Spot, tuseme nyuzi 30 au zaidi, huonyesha kwamba pesti inayopitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kipoozeo imekauka, au kipoozeo hakikukaa vizuri.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kufungua ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani ndani, kisha kucheza gemu lilelile. Ikiwa mashine sasa inadumu kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, joto limehusika. Kumbuka kwamba kipoozeo hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokizunguka, na chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 32 mwezi Februari kinaiweka mashine nyuzi kumi juu ya ile iliyopimwa katika chumba chenye nyuzi 22. Kompyuta iliyofungiwa kwenye kabati la meza la mbao, nyuma ikigusa ukuta, inavuta tena hewa ileile iliyoitoa. Kuihamisha tu kumewahi kumaliza kesi nyingi.

Katika kusafisha, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki iishe, kisha toa mashine nje. Tumia bloa au hewa ya kopo pamoja na brashi laini ya rangi, na uzuie kila feni kwa kidole ili isizungushwe na upepo kupita kasi yake. Usitumie mashine ya kunyonya vumbi karibu na saketi, kwani mdomo wake huzalisha umeme tuli. Kwa wanaoishi pwani, tazama pia kutu ya kijani au nyeupe kwenye viunganishi. Hewa ya chumvi huongeza ukinzani kwenye pini, na pini yenye ukinzani hupata moto ikipitisha mkondo mkubwa.

Ikibidi kubadilisha pesti ya joto, futa ya zamani kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha weka tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati. Onyo moja kwa wenye Ryzen za soketi ya AM4: pesti iliyokauka huigandisha prosesa kwenye kipoozeo, na ukikivuta juu kwa nguvu prosesa hutoka pamoja nacho ikiwa bado imefungwa, pini zikapinda. Washa mashine dakika chache ipate joto, izime na kuichomoa, kisha zungusha kipoozeo kulia na kushoto mpaka kiachie ndipo ukiinue.

Umeme, kuanzia ukutani hadi kwenye kadi

Ikiwa rekodi yako inaonyesha joto la kawaida mpaka mstari wa mwisho, na BugcheckCode ni 0, hamia kwenye umeme. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, kesi nyingi za eneo letu hupatikana, na ndipo fedha nyingi hupotea kwa kukisia.

Anza ukutani. Chomoa kompyuta kwenye ekstensheni na UPS (kifaa chenye betri ya akiba), uichomeke yenyewe kwenye soketi ya ukuta, na ucheze. UPS ndogo ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 400 tu, na kompyuta ya gemu pamoja na skrini huweza kuvuka kiwango hicho kwa urahisi. UPS nayo ikizidiwa hukata kila kitu. Betri yake ikiwa imechoka, kushuka kidogo kwa volti huifanya ihamie kwenye betri isiyoweza kubeba mzigo, na mwenye kompyuta huona mashine imezimika bila taa ya nyumbani hata kupepesa. Ekstensheni nyepesi ambayo pia imebeba friji na pasi ni mtuhumiwa mwingine: gusa plagi yake baada ya nusu saa ya gemu, na kama ina moto, iache.

Kisha soma kibandiko cha pawa saplai, sehemu ya umeme unaoingia. Zilizoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia kushuka kwa volti vizuri. Zilizoandikwa volti 200 hadi 240, ambazo ni nyingi miongoni mwa zile za bei nafuu, hukata mapema volti ya mtaa inaposhuka, na huwahi zaidi zikiwa na mzigo mkubwa. Anayejua kutumia multimita anaweza kupima soketi wakati gemu linaendelea, kipimo kikiwa kwenye volti za AC. Asiyejua amwite fundi umeme, kwa sababu soketi haina msamaha. Umeme wa Tanzania umekadiriwa kuwa volti 230, na ukikuta 180 usiku, stabilaiza yenye uwezo wa kutosha ndiyo dawa, si kadi mpya.

Kwenye kibandiko hichohicho kuna jedwali la umeme unaotoka, na hapa inabidi kupiga hesabu. Maandishi makubwa yanaweza kusema wati 500, lakini prosesa na kadi ya grafiki huchota karibu umeme wao wote kutoka kwenye laini ya volti 12. Tafuta ampia za laini hiyo uzizidishe kwa 12. Jedwali likisema ampia 18, uwezo halisi unaokuhusu ni wati 216, haidhuru boksi limeandikwa nini. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 huwa na ampia 38 hadi 41 kwenye volti 12. Nembo ya 80 PLUS nayo inazungumzia ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto, na haithibitishi ubora wa vipuri vya ndani.

Chukua mfano wa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya au Marekani, ambazo huuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, na ndizo zinazowaingiza vijana wengi kwenye magemu kwa bei wanayoimudu. Tuseme umepata mojawapo yenye prosesa ya Core i5-6500, ambayo kiwango chake ni wati 65, na pawa saplai ya wati 240. Mazabodi, diski, RAM na feni zihesabie wati 50. Ukiweka GTX 1650 ya wati 75, isiyohitaji waya wa ziada, jumla inakuwa wati 190 na bado kuna nafasi. Ukiweka GTX 1660 Super ya wati 125, jumla inafika 240, yaani umeikabidhi pawa saplai iliyozeeka kazi ya kubeba mwisho wa uwezo wake kila sekunde. Ukiweka RX 580 ya wati 185, umefika 300, na mashine itazimika. NVIDIA yenyewe inapendekeza pawa saplai ya wati 450 kwa 1660 Super na 300 kwa 1650, na mapendekezo hayo huacha nafasi makusudi.

Nafasi hiyo inahitajika kwa sababu wati zilizoandikwa kwenye kadi ni wastani. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kadi yenye nguvu huweza kuchota karibu mara mbili ya kiwango chake, na kinga ya pawa saplai ikiuona mruko huo hukata umeme. Kadi za RTX 3080 na 3090, zilizotoka mwaka 2020, zilifanya jambo hili lijulikane sana, na kiwango cha utengenezaji wa pawa saplai kiitwacho ATX 3.0, cha mwaka 2022, kiliweka sharti kwamba pawa saplai zinazokifuata zivumilie miruko inayofika asilimia 200 ya uwezo wake kwa maikrosekunde 100. Ndiyo maana pawa saplai inayoonekana kutosha kwa hesabu bado inaweza kuzima.

Unaweza kuithibitisha hali hiyo bila kununua chochote. Sakinisha MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, shusha Power Limit (kikomo cha umeme wa kadi) hadi asilimia 70, kisha weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde kwenye gemu. Kwa upande wa prosesa, fungua powercfg.cpl, ingia kwenye mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, na uweke Maximum processor state kuwa asilimia 99, hatua inayozuia prosesa kupandisha kasi yake ya ziada. Cheza. Ikiwa kuzimika kumekoma ilhali joto lilikuwa la kawaida hata mwanzoni, una ushahidi mzuri dhidi ya pawa saplai au nyaya zake. Wasiokuwa na fedha kwa sasa wanaweza kuendelea kucheza kwa mipangilio hiyo. Gemu litapungua kasi kidogo tu, na mashine itakuwa salama.

Nyaya zitazame moja moja. Soketi ya kadi kwenye mazabodi hutoa hadi wati 75, waya wa pini 6 huongeza 75, na wa pini 8 huongeza 150. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipewe nyaya mbili tofauti kutoka kwenye pawa saplai, badala ya waya mmoja wenye vichwa viwili. Vigeuzi vinavyogeuza waya wa diski ya SATA kuwa waya wa kadi viondoe leo hii, kwa sababu kiunganishi cha SATA hakikutengenezwa kubeba mkondo huo na huyeyuka. Ukichomoa kiunganishi ukakuta plastiki yake imegeuka rangi ya kahawia kuzunguka pini moja, umeona mahali umeme ulipokuwa ukipotea.

Kipimo cha mwisho ni kuazima pawa saplai nyingine iliyo nzima na yenye uwezo. Hapo kuna hatari moja ambayo haisameheki: nyaya za pawa saplai zinazochomoka hazifanani baina ya kampuni, wakati mwingine hata baina ya matoleo ya kampuni moja, ingawa vichwa vyake hukubali kuingia. Tumia nyaya zilizokuja na pawa saplai unayoiazima, zote, bila kubakisha hata mmoja wa zamani, la sivyo unaweza kuunguza diski na mazabodi kwa sekunde moja. Kompyuta nyingi za ofisi pia zina viunganishi visivyo vya kawaida vya mazabodi, hivyo hakikisha una kigeuzi sahihi kwa toleo lako. Na pawa saplai yenyewe usiifungue, kwa kuwa kapasita zake hubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa.

Laptopu

Kwenye laptopu anza na chaja. Laptopu ya gemu iliyotengenezwa kwa chaja ya wati 135 au 180, ikipewa ya wati 65 kwa sababu kichwa kimeingia, huongezea umeme kutoka kwenye betri wakati wa gemu, na betri iliyochoka ikishindwa kuongezea mashine hukatika hata kama kipimo kinaonyesha asilimia 40. Amri ya powercfg /batteryreport hukupa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Baada ya chaja, fungua mfuniko wa chini utazame kati ya feni na mapezi ya kipoozeo. Humo hujengeka tabaka la nyuzi na vumbi linaloziba njia ya hewa kabisa, na kupuliza kwa nje hulisukuma tu likakaa vizuri zaidi. Kitanda na godoro si mahali pa kuchezea gemu, kwa kuwa matundu ya hewa yako chini.

Yanayobaki

RAM mbovu kwa kawaida huleta skrini ya bluu au gemu kufungwa, si kukatika kwa umeme. Zima XMP au EXPO, mipangilio inayoongeza kasi ya RAM, ndani ya BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), rudisha kasi zote za kiwandani, na kama hitilafu inabaki acha MemTest86, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha. Draiva nazo haziwezi kuzima feni na taa kwa mara moja. Zishughulikie pale tu dalili ni skrini nyeusi au msimbo 278. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 za mezani wasasishe BIOS bila kuchelewa, kwa kuwa mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya hitilafu ya volti iliyokuwa ikizidhoofisha, na ikaongeza dhamana ya prosesa zilizohusika kwa miaka miwili. Hitilafu hiyo huonekana zaidi kama magemu yanayofungwa yenyewe.

Kama bado hujajua ni upande upi unaoshindwa, programu ya OCCT inaweza kuutenganisha mzigo. Pima prosesa peke yake kwa dakika 15, kisha kadi peke yake, kisha kipimo cha Power kinachowasha vyote kwa pamoja. Mashine inayopita vipimo viwili vya kwanza na kuzimika kwenye cha tatu ina pawa saplai isiyotosha. Inayozimika kwa kadi peke yake inahitaji kadi hiyo ijaribiwe kwenye kompyuta nyingine kabla hujaihukumu.

Baada ya matengenezo, usirudishe kila kitu kwa mkupuo. Cheza kwanza gemu lilelile, saa zilezile za siku ambazo mashine ilikuwa ikizimika, HWiNFO ikiendelea kuandika. Ikipita, rudisha Power Limit hadi asilimia 100 na ucheze siku nyingine. Kisha rudisha Maximum processor state hadi 100. Kisha washa XMP. Na UPS iwe ya mwisho kurudi, ikiwa tu wati zake zinazidi jumla uliyoipata kwenye hesabu. Mashine ikizimika katika mojawapo ya hatua hizo, kitu ulichokirudisha mwisho ndicho cha kuanza nacho, na faili ya rekodi ya siku hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi.